Honi ya Lori kwenye Pikipiki ya Mwalimu

Mwaka 1956 kanisa lilimpa Mwalimu Hezekia Mwalongo pikipiki. Alikuwa msimamizi wa shule za vijijini, zile za madarasa mawili matatu zilizoezekwa nyasi, kuanzia Njombe hadi upande wa Makambako, na kabla ya hapo alizizungukia kwa baiskeli na kwa miguu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mtu mrefu aliyependa shati lililopigwa pasi hata siku za ukungu. Kuhusu mwandiko, watu walisema wilaya nzima hakuna aliyemfikia.

Pikipiki ilikuwa nzuri, ila honi. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilikatika katikati, na ng'ombe hawakuijali. Wanawake waliotoka sokoni na mizigo kichwani wakiisikia waligeuka taratibu, wakamwona, wakamsalimu, "Kamwene, Mwalimu," kisha wakaendelea kutembea katikati ya njia, naye ikambidi awafuate kwa mwendo wao mpaka njia ipanuke.

Siku moja alifika shule ya Mahongole watoto wakiwa mstarini. Akapiga honi wampishe. Mstari mzima ukacheka. Mwalimu wa pale, Manase, alikuja kumpokea huku akijibana midomo.

"Samahani, Mwalimu. Watoto wamedhani mbuzi wa jirani wameingia tena shambani."

Hezekia naye akacheka kidogo, akakagua madaftari, akanywa uji aliopewa. Lakini alipoondoka hakurudi Njombe. Alikwenda moja kwa moja Makambako kwa Fundi Kasimiri.

Kasimiri alikuwa Mkatoliki, mtu wa makamo aliyejifunza ufundi jeshini wakati wa vita. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati karibu na njia panda, na nyuma yake kulikuwa na lori bovu alilokuwa akilinyofoa vipuri kidogo kidogo kwa miaka. Siku hiyo alikuwa anaziba pancha ya lori jingine, na dereva wake, kijana aitwaye Tarsis, alikuwa ameketi juu ya tairi akila muhogo wa kuchoma. Tarsis alikuwa akiendesha gari la tajiri mmoja wa Iringa, akipakia pareto na ngozi, na abiria juu ya mizigo.

"Nataka honi inayosikika," Hezekia alisema.

"Na nani?" Kasimiri aliuliza bila kuinua uso.

"Na watu. Na ng'ombe."

Kasimiri alimaliza pancha yake, akaenda nyuma, akarudi na honi ya lile lori bovu, nyeusi, kubwa kuliko ngumi mbili. Akaipangusa kwa tambara lenye mafuta.

"Hii ni ya volti sita, na betri yako ni ya volti sita. Itakubali. Ila inakula umeme, kwa hiyo nitavuta waya mnene toka kwenye betri na kuiwekea swichi yake. Usiibonyeze muda mrefu, betri itakufa."

Alikata kipande cha chuma, akakikunja, akakifunga chini ya taa kwa boliti mbili, na katikati akaweka mpira wa tairi kuukuu ili mtikisiko usiilegeze. Alipomaliza alisimama akiitazama kazi yake, akakuna shingo.

"Neno moja, Mwalimu. Mtu akisikia hii nyuma yake hatafikiria pikipiki. Atafikiria lori la tani tatu linakuja kumkanyaga. Ipigie mbali."

"Nimesikia," Hezekia alisema, akabonyeza.

Kuku walitawanyika. Mwenye duka la ng'ambo alitoka nje kuangalia ni gari gani limefika. Tarsis akaacha muhogo wake, akacheka mpaka akashika kifua.

"Ni sauti ile ile ya gari langu. Basi kuanzia leo mimi ndiye nitakayekupisha wewe, Mwalimu."

Hezekia aliondoka akiwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu siku alipopewa cheti cha ualimu.

Wiki mbili zilizofuata njia ilikuwa yake. Ng'ombe walikimbilia majanini kabla mchungaji hajaita. Wanawake waliruka pembeni wakishikilia mizigo yao, na walipomtambua walikuwa wamekwisha kupitwa. Hakuna tena aliyemwambia "Kamwene" akiwa katikati ya njia. Na lipo jambo ambalo Hezekia hakumwambia mtu, hata mkewe Priska: hakuwa akiipigia mbali. Mwanzoni aliipigia mbali, lakini mtu aliye mbali husogea tu. Aliye karibu huruka. Akaanza kungoja mpaka awe karibu.

Wakwe zake walikaa nje kidogo ya Mahongole. Mama mkwe aliitwa Tabea, lakini jina hilo Hezekia hakuwahi kulitamka katika miaka tisa ya ndoa. Kwa desturi ya Wabena mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawagusani, hawali pamoja. Akimwona kwa mbali njiani, Hezekia alikuwa akizima pikipiki, anaiegemeza ukingoni, anachuchumaa majanini macho yakiwa chini mpaka mama apite, na salamu wanapeana hivyo hivyo bila kuonana. Watu wa Mahongole walimsifu kwa hilo. Walisema kusoma hakujamharibu.

Alhamisi moja ya mwezi wa Machi, kama saa kumi alasiri, alikuwa akirudi toka upande huo. Mvua ndogo ilikuwa ikinyesha na ukungu umeanza kushuka. Njia pale inakata kilima, na pembeni yake kulikuwa na mfereji mkubwa wa kupitisha maji, wenye kina cha mtu. Mbele yake alitembea mwanamke mmoja amejifunika gunia kichwani mpaka mgongoni kujikinga na mvua, na juu ya gunia amebeba kapu la viazi. Hezekia alipunguza moto. Aliteremka kilima pikipiki ikiwa karibu kimya, akangoja, akangoja tena, na alipokuwa hatua sita hivi nyuma yake, akabonyeza swichi.

Mwanamke hakuruka pembeni kama wengine. Alijirusha mzima mzima, kapu likaenda huku na yeye kule, akateleza kwenye udongo mwekundu na kuporomoka ndani ya mfereji. Hezekia alisikia kitu kikivunjika. Alidhani ni kapu.

Akasimama. Akachungulia. Gunia lilikuwa limetoka kichwani, na kanga imemtoka mwilini toka kiunoni kwenda chini, na mguu mmoja ulikuwa umelala upande usiotakiwa. Alikuwa mama yake Priska. Alikuwa akijaribu kuvuta kanga kwa mkono mmoja, na mkono haufiki. Kisha akainua uso, na wakatazamana.

Hezekia aligeuza uso haraka, kama alivyofunzwa. Injini ilikuwa bado inanguruma. Akajiambia kwamba kumshukia mkwe wake akiwa katika hali ile, kumshika, kumfunika, ni aibu ambayo mama yule asingeweza kuishi nayo. Akajiambia kwamba watu wa shambani wamesikia honi na watafika sasa hivi. Akajiambia kwamba kwa ukungu ule na mvua ile huenda hakumtambua. Yote hayo aliyafikiri kwa muda mfupi sana, na hata alipokuwa akiyafikiri alijua kwamba angekuwa mwanamke mwingine yeyote angeondoka vile vile. Akatia gia akaenda zake.

Hakutazama nyuma mpaka Njombe. Usiku huo alimwambia Priska kwamba tumbo linamuuma, akalala bila kula.

Jumamosi shemeji yake Nahumu alifika kwa baiskeli, ameloa matope. Mama ameanguka. Mfupa wa paja umevunjika, yuko hospitali ya misheni, na daktari amesema atalala pale miezi mitatu mguu ukiwa umening'inizwa.

"Ameangukaje?" Priska aliuliza.

"Honi ya gari ilimshtua, akaingia mferejini. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Tulipofika tukamkuta yule dereva Tarsis yuko naye, gari limesimama. Ndiye aliyempeleka hospitali. Sasa watu wanasema, kama si yeye aliyemwangusha, kwa nini alisimama? Dhamiri ilimrudisha."

Hezekia alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alisema, "Pole sana, shemeji," na sauti yake ilitoka kama kawaida. Hilo lilimshangaza. Priska alifunga nguo zake na za mtoto wao Ema, akaondoka na kaka yake siku hiyo hiyo.

Pikipiki ilikaa nyumbani siku nne. Alifikiria kuitoa ile honi, kisha akaona kwamba kuitoa ni kujitaja. Akaiacha pale ilipo, na kila alipopanda aliweka kidole gumba mbali na swichi.

Juma lililofuata baba mkwe, Mzee Elieza, alikuja Njombe mwenyewe. Aliketi sebuleni na fimbo yake katikati ya magoti, akanywa chai, akakirudisha kikombe mezani.

"Nimekuja kwa kazi ya kalamu, Mwalimu. Nataka mwenye gari lile, huko Iringa, ajue dereva wake anafanya nini barabarani."

"Baba, labda tungoje mama apone aseme mwenyewe."

"Amekwisha kusema. Honi ya gari. Na gari lililokuwapo ni moja."

Hezekia akachukua karatasi. Mzee alisema maneno machache na mazito: mke wangu alikuwa akitembea, dereva wako akapiga honi karibu mno, akaanguka, amevunjika. Hezekia akayaandika. Lakini kalamu ilipoanza kwenda haikusimama. Aliandika "kwa uzembe mkubwa", akaandika "bila kujali maisha ya raia wanyonge", akaandika "tabia ambayo si mara ya kwanza kuonekana kwa dereva huyu". Mzee hakuwa amesema hayo. Sentensi zilikuja zenyewe, zikakaa vizuri, na kwa muda fulani alisahau kwamba hazikuwa za kweli.

"Nisomee," mzee alisema.

Akamsomea.

"Nisomee tena."

Akamsomea tena. Mzee Elieza alitikisa kichwa taratibu, akaandika jina lake chini kwa herufi kubwa, moja moja, ulimi ukiwa nje kidogo.

"Mungu alitupa mkwe," alisema alipokuwa akisimama.

Mwezi haukwisha, Tarsis akabisha hodi nyumbani kwa Hezekia. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, na Priska alikuwa amerudi toka hospitali kwa siku mbili kuchukua nguo. Tarsis alikuwa na sanduku la mbao begani. Hakukubali kuketi. Alisimama pale mlangoni, akaliteremsha sanduku, akalisimamisha kati ya miguu yake.

"Nimesimamishwa kazi, Mwalimu. Tajiri amesomewa barua, hakutaka kuniuliza chochote. Ninakwenda Manda, kule ziwani, kwa mjomba wangu."

"Pole," Hezekia alisema.

"Nilimkuta yule mama yuko peke yake. Nilimbeba mgongoni nikapanda naye toka mle mferejini." Akalisogeza sanduku kwa mguu. "Katika barabara hii ya Njombe na Makambako, Mwalimu, kuna honi mbili za sauti ile. Ninyi wasomi mnajua kuhesabu."

Nyuma yake Hezekia alisikia kanga ya Priska ikigusa mlango wa chumbani.

"Mkwe wangu mwenyewe amesema ni gari," alisema.

Tarsis alimtazama kwa muda. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa vibaya, naye anajua hivyo.

"Haya," alisema. Akalibeba sanduku lake akaondoka.

Priska alitoka chumbani akachukua ndoo kwenda kisimani. Siku ya pili yake akarudi hospitali.

Mama alirudishwa nyumbani katikati ya Juni, wakati wa baridi kali. Hezekia alikwenda kumpa pole kama inavyompasa mkwe. Alipeleka sukari, sabuni na blanketi jipya. Pikipiki aliiacha shuleni kwa Manase, akamalizia njia kwa miguu, akijidai kwamba mafuta yamekwisha.

Walimwekea kigoda nje, kando ya ukuta wa jiko. Mama mkwe alikuwa ndani ya jiko, amelazwa karibu na moto. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, kila neno lilipita. Lakini zaidi ya salamu, mkwe hasemi na mkwe moja kwa moja. Husema na mtu wa katikati, naye hupeleka. Priska alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Priska," sauti ilitoka ndani, nyembamba kuliko alivyoikumbuka. "Mwambie mume wako nimeshukuru kwa blanketi."

"Mama anasema ameshukuru kwa blanketi," Priska alisema.

"Mwambie nilimwona."

Priska akasema, akiangalia uwanja, "Mama anasema alikuona."

Hezekia alikuwa ameisikia mara ya kwanza. Mara ya pili, kwa sauti ya mkewe, ilimchoma mahali pengine.

"Mwambie niliwaambia watu ni honi ya gari. Sikuwadanganya, ni ya gari. Nilitaka jambo lile liishie pale pale mferejini, watoto wangu wasitazamwe vibaya. Hali aliyoniona nayo, mimi pia sikutaka isemwe."

Priska akayasema yote, polepole, bila kupunguza.

"Jana ndiyo nimesikia habari ya yule kijana. Nahumu ndiye aliyeniambia. Miezi mitatu wananiletea uji na hakuna aliyeniambia kwamba iliandikwa barua. Yule kijana alivua koti lake akanifunika. Njia nzima aliendesha kama anabeba mayai. Mwambie mume wako, kama ameiandika yeye, anajua namna ya kuandika nyingine."

"Mama anasema," Priska alianza, akashika mwimo wa mlango. Akaanza upya. "Mama anasema yule kijana alimfunika kwa koti lake."

"Nimesikia," Hezekia alisema kwa sauti ndogo.

"Hajamaliza," Priska alisema, akaendelea mpaka mwisho.

Hezekia alibaki pale kigodani. Mbele yake kuku alikuwa akiparua majivu. Alitaka kusema nisamehe, lakini hata neno hilo lilikuwa lazima lipite kwa Priska, naye hakuweza kumtuma mkewe na neno kama hilo. Mwishowe alisema, "Mwambie mama nitakwenda."

"Utaanza kwa nani?" Priska aliuliza. Swali hilo halikutoka ndani. Lilikuwa lake.

Alianza kwa Mzee Elieza, aliyekuwa nyuma ya nyumba akianika maua ya pareto juu ya jamvi. Alimwambia akiwa amepiga magoti. Mzee hakuacha kuyatandaza maua kwa viganja vyake mpaka maneno yalipokwisha.

"Ulinisomea mara mbili," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Yale maneno ya kwamba si mara ya kwanza, yalitoka wapi? Mimi sikuyasema. Nilidhani wewe unajua jambo kuhusu yule kijana."

Mzee aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na Hezekia akabaki amepiga magoti mbele ya jamvi la maua mpaka Nahumu alipokuja kumwambia anaweza kwenda.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Alimwambia mchungaji, na Jumapili iliyofuata alisimamishwa mbele ya washarika, kosa lake likatajwa, akawekwa nje ya meza ya Bwana kwa miezi sita. Akawa anakaa benchi la nyuma pamoja na wasichana waliozaa bila ndoa na wazee waliokutwa kwenye pombe ya ulanzi. Usimamizi wa shule hawakumnyang'anya, ila pikipiki waliichukua wakampa mwinjilisti Enoki. Watoto wa shule, ambao sasa walimwona akija kwa miguu toka mbali, waliambizana. Aliona jinsi walivyoacha kuambizana alipokaribia.

Alikwenda Iringa kwa yule tajiri, akamwambia ukweli. Tajiri alimsikiliza akiwa anapima kitambaa. Akasema gari limepata dereva mwingine, hana kosa, na yeye hatamfukuza mtu bure mara ya pili. Lakini akakubali kutia saini barua aliyokuja nayo Hezekia, ya kukiri kosa lake na kusema kwamba Tarsis aliachishwa kazi kwa habari ya uongo.

Kwenda Manda kulimchukua siku tano, mbili juu ya magunia ya mahindi katika lori la watu, tatu kwa miguu. Alipoteremka kwenye joto la ziwa alikuwa amebeba koti lake mkononi na viatu vimefunguka soli. Tarsis alikuwa ufukoni na wenzake sita saba, wakishusha magunia ya mchele toka kwenye mashua. Alikuwa mweusi zaidi kwa jua, na mwembamba. Alimwona Hezekia, akaendelea kubeba gunia lake mpaka kwenye banda, ndipo akaja.

"Mwalimu."

"Nimekuja kukuambia ilikuwa honi yangu."

"Najua," Tarsis alisema. "Nilijua tangu njiani kuelekea hospitali. Kila gari liliporuka, yule mama alisema, si mtu, ni honi tu, si mtu. Mtu aliyeumia hasemi hivyo kama hana anayemficha."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Na mwenyewe alikuwa amenyamaza. Nilikuja kwako useme wewe."

Hezekia akatoa barua mfukoni. Ilikuwa imelowa jasho pembeni lakini inasomeka. Tarsis aliipokea, akaifungua, akaitazama, akamrudishia.

"Mimi kusoma kwangu ni kwa shida. Nisomee. Lakini si hapa." Akageuka akawaita wenzake, na mjomba wake aliyekuwa akihesabu magunia, na wanawake wawili waliokuwa wakianika samaki. "Hawa wamesikia kwamba nilimwangusha mama mtu mzima nikamvunja mguu. Kuna nyumba hapa nilipeleka posa wakairudisha kwa habari hiyo. Wasomee hao."

Watu wakasogea, wengine wakakaa juu ya magunia, wengine wakasimama. Hezekia alivaa koti lake, mwenyewe hakujua kwa nini, katika joto lile. Akasoma. Alisoma jina lake mwenyewe, na kazi yake, na kanisa lake, na kwamba alimwangusha mama mkwe wake akamwacha mferejini, na kwamba aliandika uongo dhidi ya mtu aliyemsaidia. Sauti iliyozoea kusomea madarasa ilichukuliwa na upepo wa ziwa.

"Hatukusikia huku nyuma," mzee mmoja alisema. "Nani aliachwa mferejini?"

"Mama mkwe wangu," Hezekia alisema.

"Sema tena, kwa nguvu."

"Mama mkwe wangu. Nilimwacha mimi."

Wanawake wale wawili walitazamana, kisha wakatazama chini, kama watu wanaomwonea mtu haya kwa niaba yake. Mjomba wa Tarsis alinyoosha mkono akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati lake.

"Nitaipeleka mimi katika ile nyumba," alisema.

Tarsis hakusema kwamba amesamehe, wala hakusema kwamba hajasamehe. Alimuuliza mama anaendeleaje, Hezekia akasema anatembea kwa fimbo, mguu mmoja umekuwa mfupi. Tarsis akasema, "Msalimie sana," akarudi kwenye magunia. Mwaka uliofuata alipata gari jingine huko Songea na akaoa, na hakuonekana tena katika barabara ya Makambako.

Siku ile asingeweza kuanza safari ya kurudi mpaka kesho yake. Hezekia aliketi kwenye kivuli cha banda. Waliokuwa wakibeba walipita mbele yake wakienda na kurudi, na hakuna aliyemsemesha. Jioni mmoja wa wale wanawake alimletea sahani ya ugali na usipa, dagaa wa ziwani, na maji ya kunawa, kwa kuwa alikuwa mgeni. Alimmiminia maji mikononi bila kumtazama. Hezekia alisema asante, akala chakula chote akiwa ameinamisha kichwa, na alipomaliza akaiosha ile sahani mwenyewe ziwani, akaipeleka mpaka mlangoni kwao, akaiweka chini.